Shingo ya Baiskeli ya Kijani

Awindiri, Arua
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini karatasi hii inakukuta kifua kimetulia na magoti hayalalamiki unapoinuka kwenye kibenchi cha karakana. Mama je, mgongo wake umepoa, au bado anabishana na daktari kana kwamba mgongo ni wa daktari? Mvua zimefika Tabora? Mzee Maganga bado anatembea na ile fimbo yake ya mpera? Nijibu yote, hasa hilo la mwisho.

Mimi niko hai na nakula vizuri. Ila mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa begani, umevunjika, mkono nimefungiwa kifuani kwa kitambaa, na goti moja limechubuka vibaya. Usishtuke, na usimwite Mama kabla hujafika mwisho wa barua. Daktari amesema mfupa utaunga wenyewe, ni wiki chache tu. Mkono wa kuandikia ni mzima, unauona mwandiko haujatetereka. Mama Candiru, mwenye nyumba wangu, ananipikia enyasa, ugali wao wa muhogo na mtama, na ananikatia nyama vipande vidogo kama mtoto wa mwaka mmoja. Kila asubuhi anasimama mlangoni ananiuliza “Mi ngoni?”, yaani hujambo, na hataki kuondoka mpaka nimjibu kwa Kilugbara.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu yako wewe ni ya mtaa mzima. Ukipokea unaweka sauti kubwa, Mama anasikiliza, mteja anasikiliza, na hata aliyekuja kujaza upepo anasikiliza na kunisalimia. Haya ninayotaka kusema ni yako peke yako. Mwalimu mwenzangu anakwenda Mwanza kwenye harusi ya dada yake, atanitilia barua kwenye basi la Tabora. Isome karakanani, mlango umeufunga, miwani usoni.

Unakumbuka tulivyoagana Pasaka. Nilikuahidi kwamba Desemba nitakuja nyumbani juu ya baiskeli, kutoka Arua mpaka Tabora, na mlangoni kwako sitakanyaga chini mpaka uje uushike usukani mwenyewe. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema kama nimekusudia kweli, basi nichague baiskeli kwa masikio. Ahadi hiyo nilikuja nayo huku kama mtu anavyobeba yai mfukoni.

Hapa Arua kuna kikundi chetu kidogo cha waendesha baiskeli, watu wanane. Kiongozi wetu ni Injinia Adriko, mzee aliyestaafu kazi ya barabara, ambaye aliishi ng'ambo miaka mingi akarudi na mchezo unaoitwa odaksi. Si mashindano, Baba, ungeupenda. Unapewa kadi, na njiani kuna vituo ambako kadi inagongwa muhuri. Ukifika mapema mno wanakusubirisha, ukichelewa umetoka. Hakuna gari la kukufuata, hakuna wa kukushikia chupa ya maji. Vyote unabeba mwenyewe, na kikiharibika kitu unatengeneza mwenyewe. Safari ya kwanza kubwa aliyotupangia ilikuwa ya kilomita mia mbili kwa siku moja: Arua kwenda Koboko, kurudi Arua, kisha upande wa Nebbi mpaka zitimie. Adriko alisema atakayemaliza hizo mia mbili ana ruhusa yake ya kwenda popote, hata kwa baba yake.

Kwa hiyo nilihitaji baiskeli moja ya kazi mbili. Iwe nyepesi na ya mwendo kwa siku ile ya mia mbili, na iwe ya kunibeba Desemba na mabegi mawili madogo, lami na vumbi, mpaka kwako. Nyuma ya soko kuna uwanja ambako baiskeli za mtumba hushushwa kutoka Kampala, zimekumbatiana pembe kwa pembe kama mbuzi kwenye lori. Muuzaji alinivutia kwanza kwenye moja nyekundu ya mashindano, unainyanyua kwa vidole viwili. Nzuri kweli. Lakini kati ya tairi na uma unaoishika mbele hapakupita hata ukucha, na fremu nzima haikuwa na tundu la kufungia keria wala madigadi. Ile ingenifikisha Koboko kwa lami, halafu kwenye vumbi la kwanza ingeniacha nimesimama na begi mgongoni. Akanionyesha ya milimani, tairi nene, uma wenye springi. Hiyo ingepita popote, ila kwa kilomita mia mbili ningebonyea siku nzima kama aliyekalia godoro, nguvu zangu zote zinakwenda kwenye springi.

Ya tatu ilikuwa chini kabisa, ya kijani, fremu ya chuma chembamba, usukani wa pembe za kondoo ulioinuliwa kidogo ili mgongo usikunjike kutwa. Niliingiza kidole kati ya tairi na fremu, kikapita na nafasi ikabaki; hapo inakaa tairi pana, na madigadi juu yake. Matundu ya keria yalikuwepo. Nyuma ni ndefu kiasi, kisigino hakigongi begi. Gia ndogo ya kupandia ilikuwepo, ile unayoiita gia ya bibi. Nikatoa uzi mfukoni, nikaufunga nyuma kwenye ekseli, nikauzungusha mbele shingoni, nikaurudisha upande wa pili, nikapima: fremu imenyooka. Muuzaji aliniangalia kama mchawi. Kisha nikagonga kila bomba kwa ukucha, sikio nimeliinamisha. Ililia, Baba. Bomba moja moja lililia kama glasi.

Tena nilichagua chuma kwa sababu yako. Siku zote umesema aluminiamu ikipasuka ni ya kutupa, chuma kikipasuka kinaungika. Neno hilo nitalirudia huko mbele.

Ncha ya pili ya ule uzi aliishika Sauda. Huyu nimekutajia mara nyingi kwenye simu, ila hujamwona. Ni rafiki yangu wa kwanza hapa na mpaka juzijuzi ningesema wa mwisho. Anafundisha hesabu shuleni kwetu, mimi Kiswahili. Kwao ni Koboko, ni Mnubi, babu za babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudani wakabaki, na Kiswahili chao ni cha kambi na cha soko, hakina muda wa mapambo. Ananitania kwamba mimi naongea kama redio. Kwao nilikuwa naingia bila hodi. Mama yake alikuwa ananiwekea sahani kabla hajajua kama nitakuja, na mswaki wangu ulikuwa kwenye kikombe kimoja na yao. Sauda naye alikuwa afanye safari ya mia mbili kwa baiskeli yake nyeusi ya mizigo, ambayo Adriko aliikubali huku akitikisa kichwa. Desemba tungekuja wote. Mama alikuwa ameshaanza kuuliza mgeni anakula nini.

Sasa, likizo iliyopita niliitwa Kampala, semina ya walimu wa Kiswahili, wiki mbili. Sauda alikuwa anakwenda kwao. Nikamwachia baiskeli ya kijani aende nayo afanyie mazoezi, aone tofauti. Sikusema namwazima. Nilimwachia kama mtu anavyomwachia ndugu yake ufunguo wa nyumba.

Niliporudi niliikuta imeoshwa, cheni imetiwa mafuta, na shingoni imevalishwa kitu ambacho sijawahi kukiona juu ya baiskeli. Wanawake wa Kinubi wa Koboko ni mabingwa wa kusuka. Wanasuka sinia na vifuniko vya chakula kwa majani yaliyotiwa rangi, kazi ya wiki nzima kwa kitu cha kufunikia mkate. Mama yake Sauda alikuwa ameisukia shingo ya baiskeli yangu ukosi, pale mbele ambapo mabomba mawili yanakutana nyuma ya uma: wa rangi nyekundu, manjano na zambarau, umekaza kama ngozi.

“Mama anasema mutoto yake ya Tabora hapana kwenda na baiskeli iko uchi,” Sauda aliniambia.

Nililia, Baba. Nilisimama uani kwa Mama Candiru nikalia kwa furaha kama mjinga, nikapiga picha, nikamtumia Mama. Wewe uliiona hiyo picha. Ulisema ni kazi safi.

Na niligonga. Usifikiri nilisahau ulichonifundisha. Nilipitisha ukucha kwenye bomba la juu na sikio nikaweka, na fremu iliyokuwa ikilia kama glasi ikajibu kwa sauti ya debe lenye unga. Nilishtuka kidogo. Sauda alikuwa kando yangu, akasema upesi kwamba ni ususi ndio umeshika sauti, kama mtu anapoweka kiganja juu ya kengele. Nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo, nikacheka, nikafurahi kwamba ameanza kuelewa baiskeli. Ningeweza kuufungua ule ukosi. Ungefunguka kwa dakika tano. Lakini nani anafungua zawadi ya mama wa mtu aangalie ndani yake kuna nini?

Siku ya safari tulitoka kumekucha, hewa baridi, mji unafagia milango. Sauda kwa kawaida hawezi kuvumilia kuona mgongo wa mtu mbele yake. Huwa anatupita sote kisha anatusubiri akiwa ameketi. Siku hiyo alisema, “Leo mimi nafuata nyuma yako.” Nikaona ni heshima, kwa kuwa ni baiskeli yangu ya kijani na ndoto yangu. Tulikwenda hivyo mpaka Koboko, na kila nilipogeuka nilimkuta amelikodolea macho gurudumu langu la mbele. Nilimwambia atajigonga. Akasema yuko sawa.

Kituo cha muhuri cha Koboko kilikuwa kwa mama yake, kwenye kibanda chake cha chakula. Yeye ndiye alikuwa mgonga muhuri, na alijivunia kazi hiyo wiki nzima. Alinigongea kadi, akanipa chai ya tangawizi na maandazi, hakuniangalia usoni. Nilipotaka kuondoka alinifuata mpaka nje, akaweka kiganja juu ya ususi wake, akauminya pole pole kama anayepima homa ya mtoto.

“Mwanangu,” alisema, “kwa mlima, shuka chini. Sukuma na mguu. Hapana aibu.”

Nilimwambia kushuka mlima ndiyo raha yenyewe ya baiskeli. Hakucheka. Aliingia ndani kabla sijapanda, yeye ambaye siku zote husimama barabarani akipunga mpaka nipotee.

Nusu saa baadaye kuna mteremko mrefu unaokwenda mtoni, lami nzuri, daraja chini. Niliachia breki. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kama mtu anayevunja muwa gotini, usukani ukaenda huku na siti ikabaki kule, na nikawa chini. Maumivu yalikuwa hayajafika bado. Nilikuwa nimelalia ubavu kwenye kokoto, naona kila kitu vizuri sana. Nilimwona Sauda anatupa baiskeli yake na kunikimbilia. Nikamnyooshea mkono.

Hakuja kwangu, Baba. Alipita karibu na miguu yangu, akapiga magoti kwenye baiskeli, akaanza kuvuta ule ususi uliochanika ili ufunike tena. Aliuvuta kwa mikono miwili. Ulipokataa kukaa ndipo alipogeuka, akaja kunishika kichwa, akaniita dada yangu, akalia.

Nilikuwa nimeshaona. Chini ya ususi palikuwa na weldi, mabonge mabonge kama mavi ya kuku, imepakwa rangi ya kijani ambayo si kijani changu. Na pembeni mwa weldi chuma kilikuwa kimekatika upya, kinang'aa.

Walinileta hospitali Arua, wakanifunga bega, nikarudishwa kwa Mama Candiru. Siku sita Sauda alikuja kila mchana na supu ya kuku. Alinisuka nywele, alinifulia, alinisomea madaftari ya wanafunzi ili nisahihishe kwa mdomo. Alimweleza kila mgeni jinsi nilivyoanguka: kasi, kokoto, bahati mbaya. Mimi nilikunywa supu na kungoja. Nilijiambia leo atasema, na leo ikaisha. Nilimpa nafasi nyingi, hata nikamuuliza siku moja baiskeli iko wapi. Akasema niache kufikiri vitu, nipone kwanza.

Baiskeli alikuwa nayo Adriko. Siku ya sita asubuhi aliileta mwenyewe, fremu peke yake, akaiegemeza ukutani mbele ya kitanda changu bila ule ukosi. Si mtu wa maneno. Alisema tu, “Mutu alichoma hii na moto ya geti,” akaondoka. Wewe huhitaji kuelezwa. Chuma kile chembamba kinaungwa kwa shaba na mkono mwepesi. Ukikipiga moto wa kuungia mageti kinabaki kigumu na kikavu kandokando, na siku kikiamua kukatika hakikupi taarifa.

Mchana Sauda aliingia na supu, akaiona fremu. Aliweka chombo chini pole pole. Nilimuuliza nani alichoma, na nilimuuliza kwa upole kuliko nilivyokuwa najisikia.

Ikatoka yote. Kaka yake, Ramadhani, aliichukua akaenda nayo soko la mpakani, akaipakia madumu ya mafuta ya kula nyuma na mengine akayaning'iniza usukanini, akagonga ukingo wa kalavati. Shingo ikapasuka. Siku ile ile akaipeleka kwa mtu anayeunga mageti. Usiku watu wa nyumbani walikaa wakazungumza, na mwisho wa mazungumzo mama akaleta majani yake ya rangi.

“Mama alilia,” Sauda alisema. “Alisema ukijua, wewe hapana rudi kwetu tena. Na fundi alisema sasa iko nguvu kuliko mpya. Mimi niliamini.”

“Uliamini, lakini ukakaa nyuma yangu.”

“Nilikaa nyuma nione.”

“Uone nini?”

Nilimwambia abebe supu yake aende, akabeba. Nimesalitiwa, Baba, neno dogo kuliko hilo sinalo. Si na Ramadhani. Yule kwake baiskeli ni punda, hakuwahi kuniahidi chochote. Ni na yule aliyeshika uzi. Alijua nakwenda juu ya kitu kilichovunjika na akaona afadhali mimi nianguke kuliko yeye aone haya. Kila kijiko cha supu yake nilichokunywa kwa siku sita kinanikaa kooni.

Lakini alipoondoka sikumlilia yeye. Nililala nikitazama fremu ukutani, na maneno aliyosema yakawa yanarudi: iko nguvu kuliko mpya. Nilikuwa nimeyasikia mahali, kwa Kiswahili kingine. Sasa nafika kwako, Baba, na nakuomba usiikunje karatasi.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikuwa nakusaidia karakanani nikisubiri matokeo. Mzee Maganga alileta baiskeli yake ya kupelekea maziwa, uma una ufa mwembamba kama unywele. Alikuomba utie uma mpya, kwa sababu ya ule mteremko wa kwenda relini anaoupita kila asubuhi na makopo. Uma mpya haukuwepo mjini wiki ile, na yeye alikuwa na haraka, na wewe hukutaka aende kwa fundi mwingine. Ukachoma ule ule. Ukanipa brashi na kopo la rangi nyeusi. Nilipokutazama ulisema, “Sasa ni imara kuliko mpya. Akikuuliza, mwambie tumebadilisha.”

Aliniuliza, Baba. Wewe ulikuwa nyuma unanawa mikono. Nilimwambia tumebadilisha, na kesho yake aliniletea chupa ya mtindi, ya kwangu mimi, ya shukrani.

Alipoanguka relini na nyonga ikavunjika, mtaa mzima ulisema ni uzee. Wewe ulichukua baiskeli yake kwa hisani ukaitengeneza bure, na uma uliokatika sikuuona tena. Kisha tulikwenda kumjulia hali. Nilibeba mimi, kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa khaki. Ulikaa kwenye kigoda karibu na kitanda chake, ukampa pole, ukamwambia macho nayo yanachoka, asijilaumu sana. Akakubali. Alitikisa kichwa akasema ni kweli, macho. Hajapanda baiskeli tangu siku ile. Maziwa yakaishia hapo, na mimi tangu hapo namwamkia huku naangalia miguu yangu.

Nilidhani nimesahau. Nilidhani ni jambo dogo la karakana. Sasa nimelala upande wa pili wa jambo hilo hilo na nimeona lilivyo. Mfupa si kitu, unaunga. Kinachouma ni kuletewa pole na mtu anayejua, kufanywa mjinga kitandani kwako mwenyewe, na kushukuru. Nisikufiche, nimekukasirikia kuliko Sauda. Wewe ulinifundisha kuusikiliza uongo ndani ya chuma, halafu ukanipa brashi niufunike. Nilikuja huku nikiamini kwamba duniani yuko fundi mmoja ambaye kazi yake huhitaji kuigonga. Imani hiyo ndiyo iliyonivunjikia, na sijui inaungwa kwa moto gani.

Jana alikuja mama yake Sauda. Alisafiri peke yake kutoka Koboko, na alikuja mikono mitupu. Wewe huwajui watu wa huku. Mwanamke wa Kinubi kuingia kwa mgonjwa bila hata chungwa ni kama kuingia bila nguo. Mama Candiru alimtazama mikono yake akanitazama mimi. Alikaa chini, hakutaka kiti.

“Ile kitu nilisuka mimi,” alisema. “Nilijua iko nini chini. Hapana kuniuliza, nimekuja kusema na mdomo yangu.”

Akasema yote tena, tangu kalavati mpaka muhuri, mbele ya mwenye nyumba wangu, bila kumsingizia mwanawe wala fundi. Sikumwambia nimesamehe, maana sijasamehe. Sauda simwongeleshi bado. Tutapishana shuleni kama watu wa ofisi mbili. Ila mama alipoinuka kuondoka nilimwita Mama, na neno lilitoka lenyewe. Baada ya kwenda kwake nililala mchana kutwa, usingizi wa kwanza mzuri tangu daraja lile.

Tofauti ya wale wawili nimeiona. Sauda alisema kwa sababu nilimuuliza na ushahidi umesimama ukutani. Mama yake alikuja kabla sijamwita. Wewe Mzee Maganga hajakuuliza mpaka leo, na hatakuuliza, kwa sababu anaamini macho yake ndiyo yaliyokosa. Nafasi hiyo bado unayo.

Desemba nitakuja, kwa basi. Fremu ya kijani nitakuja nayo imefungwa juu ya mizigo, shingo wazi, uitundike karakanani mahali ambapo kila mteja ataiona. Kadi yangu nimeitia humu kwenye bahasha. Ina muhuri mmoja tu, wa Koboko. Nitunzie.

Nisalimie Mama, mwambie bega ni jambo la kawaida kwa wapanda baiskeli na asije akapanda basi la kuja huku. Msalimie kaka Shija, na mwanawe niliyemwahidi kengele, ataipata. Shangazi wa sokoni mwambie karanga zake nilizokuja nazo Pasaka zilimfurahisha mwenye nyumba wangu kuliko mimi. Bibi mwambie namwamkia kwa magoti yote mawili, hata hilo lililochubuka.

Mzee Maganga usimpe salamu zangu. Zangu nitampelekea mwenyewe, pamoja na habari ya ile brashi na ile chupa ya mtindi. Wewe nitangulie. Nenda asubuhi, kabla hajatoka kuota jua, mwambie habari ya uma, mwambie macho yake hayakuwa na kosa. Na Baba, usibebe sukari.

Binti yako,
Nyamizi